Lembris Ameshika Nyasi

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mimi zaidi ya nusu saa ameshasimuliwa Ngumi ya Radi. Wateja wangu wa vifaa vya umeme pale Sokon One wameshasimuliwa. Mchungaji wetu ameshasimuliwa. Mke wangu Anjela alisimuliwa tukiwa wachumba, na husema laiti angejua kwamba ataisikia maisha yake yote, angerudi kwao Machame mapema.

Ni filamu ya ngumi na mateke, ya miaka ya tisini. Tuliiona Oldonyo Sambu, mimi na kaka yangu Lesian, kwenye banda la mabati lililofunguliwa siku za mnada, jenereta likinguruma nje kuliko filamu yenyewe. Humo ndani hakuna aliyejua Kiingereza, wala hatukukihitaji. Palikuwa na Gerson, jina la kazi Komando, anakaa kando ya televisheni na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila anachosema mzungu, Komando anatupa kwa Kiswahili. Mzungu mwenye nywele za njano alikuwa Lembris wa Ngaramtoni. Adui yake, jitu lenye joho jeusi, alikuwa Melubo, kaka yake wa tumbo moja aliyemdhulumu. Sisi tuliona sawa tu. Kwani wazungu hawana kaka?

Mwisho wake ndio ulionikaa moyoni. Lembris amepigwa, yuko chini, Melubo amesimama juu yake anataka kummaliza. Mara Lembris ananyoosha mkono, anang'oa nyasi, anaziinua. Hapo kanda ilikuwa imeliwa na deki. Picha inachezacheza, inakuwa chenga tupu, inazimika. Basi Komando anasimama, anatumalizia kwa mdomo: "Lembris ameshika nyasi! Melubo anaziona! Melubo ni mtoto wa watu, amelelewa, mkono unamshuka! Anapokea nyasi za ndugu yake, wanalia wote wawili, wanarudi nyumbani kwa mama yao!" Banda zima linapiga makofi. Wanaume wazima wanafuta macho kwa shuka.

Anayetoka kwetu haambiwi maana yake. Mtu akikujia na nyasi mbichi mkononi anaomba amani, na hata kama jana alikuchomea boma, humpigi, humtukani, humfukuzi. Unapokea. Mimi nikakua nikiamini kwamba huko kwa wazungu nako kuna watu wanaolijua hilo. Niliwafundisha wanangu hivyo. Niliwahi hata kulisema kanisani, kwenye semina ya vijana, nikapigiwa makofi.

Sasa huyo kaka yangu Lesian.

Mwaka juzi mama yetu alifariki nikiwa Guangzhou kununua mzigo wa dukani. Nikahangaika na tiketi, nikalala kwenye viti vya uwanja wa ndege, nikampigia Lesian nikiwa Addis: kaka, nisubirini, nakuja. Akasema sawa. Nilishuka KIA, nikaendesha bila kupumzika mpaka Oldonyo Sambu, nikakuta maua yameshaanza kunyauka juu ya udongo na vijana wanakunja turubai. Walikuwa wamemzika jana yake. Lesian akawa ananijia, mikono ameinyoosha mbele. Sikushuka kwenye gari. Niligeuza palepale, nusura nigonge mbuzi.

Tangu siku hiyo hatukuongea. Mchungaji alikuja, wazee wa ukoo walikuja, wote niliwajibu neno lilelile: sitaki kikao, sitaki kondoo wa suluhu. Aje na nyasi, anitazame usoni, aniambie kwa nini hakunisubiri nimzike mama yangu. Hilo tu. Mama alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya Selian nilipougua surua, akashinda pale sakafuni, halafu mimi nisimtupie hata konzi ya udongo! Kwa nini? Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, nikala nalo. Anjela alinikuta mara nyingine dukani nimeshika swichi mkononi, mteja anasubiri, mimi niko mbali kabisa.

Na yeye Lesian ni mgumu vilevile. Hakuja.

Mwaka huu, karibu na Pasaka, mwanangu Derick wa kidato cha tano akanijia na simu yake. "Mzee, nimeipata ile filamu yako. Nzima, mpaka mwisho. Kumbe imetokana na gemu."

"Gemu gani?"

"Gemu la kupigana. Lile la kubonyezabonyeza."

"Usiniharibie filamu yangu," nikamwambia. Lakini moyo ulinidunda. Nzima, mpaka mwisho! Ningemwona Melubo akishusha mkono kwa macho yangu.

Anjela alikuwa anachambua mchele, akadakia bila kuinua uso. "Mwite shemeji Lesian aje muitazame pamoja. Nyie mara ya mwisho kukubaliana ilikuwa kwenye hilo banda lenu." Nikasema simwiti. Akasema hajaniomba ruhusa. Akachukua simu, akaenda nayo uani, akarudi: "Atakuja Jumatatu ya Pasaka. Amefurahi mpaka akanyamaza."

Nikajifanya sijali, kumbe kichwani nimeshapanga. Tutakaa, tutatazama, tutafika pale Lembris anaposhika nyasi, na Lesian ataona haya. Filamu itamsema, mimi nikiwa nimetulia na chai yangu. Sikutaka kumrahisishia hata kidogo. Nilitaka Lembris amchape vibao kwa niaba yangu.

Jumatatu hiyo mvua ilianza tangu alfajiri. Kabla Lesian hajafika, akaingia Hans, kaka yake Anjela, mhasibu anayekaa Njiro, amekuja kutupa mkono wa Pasaka. Hans si mtu mbaya, ila anajua kila kitu, na mimi mbele yake huwa nakuwa mtu wa kujipandisha. Miaka yote najaribu kumwonyesha kwamba dada yake hakuolewa na mchunga ng'ombe. Nikamkalisha mbele ya televisheni yangu kubwa, nikamtambia. "Leo shemeji utaona kitu. Kuna wazungu wanaijua mila yetu ya nyasi. Subiri mwisho."

"Wazungu?" akasema Hans. "Wameijulia wapi?"

"Subiri."

Lesian akafika amelowa, koti refu la mvua, gumbuti, dumu la maziwa mkononi. Akavua gumbuti mlangoni akabaki na soksi zenye matope. Derick akaamkia, "Shikamoo baba mkubwa." Binti yangu mdogo, Princess, akainamisha kichwa, na Lesian akamshika utosini taratibu, "Marahaba mama." Mimi ndiye mdogo wake, mimi ndiye niliyepaswa kusimama na kusema shikamoo kaka. Nilisema "karibu" huku natafuta rimoti, na rimoti nilikuwa nimeishika.

Koti hakulivua. Anjela alimwomba alitundike likauke, akakataa kwa upole, akakaa ukingoni mwa sofa, koti amelibana kifuani. Nikalihofia zulia. Mungu anisamehe, ndicho nilichowaza: zulia.

Filamu ikaanza. Aisee.

Sijui nisemeje. Jitu jingine la kutisha lililokuwa likitutoa jasho bandani, nusu mtu nusu mamba, lilikuwa mtu ndani ya gunia la mpira, na mgongoni unaiona zipu. Radi zilizotoka mikononi mwa Lembris zilikuwa zimechorwa kama katuni. Kila pambano likianza, sauti inatoka mbinguni inatangaza raundi, na wapiganaji wanasubiri itangaze ndipo wapigane. Akatokea mwanamke anapigana kwenye theluji na nguo ya kuogelea, Anjela akamziba Princess macho. Hans akaanza kucheka tumbo likimtikisika.

"Mbe! Shemeji, hii ndiyo filamu uliyohubiri kanisani?"

"Ni ya zamani," nikasema. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Baba," Derick akasema, "mbona hawa si ndugu? Huyu mwenye joho ni mfalme wa sayari nyingine. Anataka kuiteka dunia."

"Ni ndugu."

"Lakini anasema mwenyewe, hajawahi hata kumwona."

Nikamwambia Derick anyamaze. Kiingereza cha shule yake nakilipia mimi, nikajikuta nakichukia. Basi yote yale Komando aliyatoa kichwani mwake? Dhuluma ya ndugu, kilio cha mama yao, Lembris wa Ngaramtoni? Mtu mzima mimi, baba wa watoto, mzee wa kanisa, nimebeba maneno ya mropokaji wa siku ya mnada nikayafanya Maandiko. Na ushahidi wote uko mbele ya Hans.

Lesian yeye hakuwa anacheka. Kiingereza hajui, na kelele za Hans hakuzisikia kabisa. Alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa, na taratibu nikasikia anachokifanya. Alikuwa anamtafsiria Princess. Kwa sauti ileile ya Komando, chinichini: "Sasa Lembris anamwambia, Melubo, tulinyonya ziwa moja. Melubo anasema, hilo nalijua, ila hasira imenizidi." Princess alikuwa amemwegemea, mdomo wazi, kaacha kabisa kusikiliza filamu.

"Baba mkubwa, kwa nini wanagombana?"

"Kwa sababu mmoja alifanya jambo, na mwingine hakuuliza."

Nikalisikia hilo. Nikajifanya sikusikia, nikaongeza sauti ya televisheni.

Tukafika mwisho. Uwanja, moshi, Melubo anatamba na joho lake. Lembris akaanguka. Mkono ukanyooka chini, vidole vikazama kwenye nyasi.

Lesian akasimama. Akafungua vifungo vya koti, akatoa fungu la nyasi, mbichi, ndefu, bado zina mvua ya Oldonyo Sambu. Ndiyo maana hakulivua lile koti. Alikuwa amezihifadhi kifuani njia nzima, akaingoja ile filamu ifike pale, maana na yeye aliamini nilichoamini. Akazishika kwa mikono miwili, akanigeukia, akazinyanyua mbele ya uso wangu.

"Mdogo wangu Eliamini," akasema. "Siku ile ya yeyo..."

Kwenye televisheni Lembris akang'oa nyasi pamoja na udongo wake, akamtupia Melubo machoni. Melubo akapiga yowe la kitoto. Lembris akamlamba teke la kifua, akamrusha bondeni, akageukia kamera, akakonyeza jicho, akasema kitu kwa Kiingereza. Derick akaangua kicheko. Hans akapiga makofi, akajifuta macho, akamwona Lesian amesimama katikati ya sebule na majani yake.

"Heee! Jamani, shemeji mkubwa naye kaja na silaha yake! Mtamponza mtu hapa!"

Wakacheka. Hata Anjela, aliyekuwa anatoka jikoni na sinia la chai na hakuona vizuri, alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Na wote wakanitazama mimi.

Mimi nilijua. Katika chumba kile watu wawili tu walijua zile nyasi ni nini, mimi na yeye. Ningenyoosha mkono tu. Jambo nililolililia tangu mama afe lilikuwa mbele ya pua yangu, linadondosha maji, lina mdomo na limeshaanza kunieleza. Nikamwangalia Hans anavyocheka. Nikaiangalia ile filamu ya kipuuzi iliyonidhalilisha ndani ya nyumba yangu. Nikaona kwamba nikizipokea sasa hivi, Hans atajua kuwa na mimi ni wa kundi hilohilo la washamba walioamini.

Nikacheka.

Nikasema, "Kaka, hebu weka chini hayo majani bwana, unanimwagia matope kwenye zulia. Ilikuwa ni filamu tu."

Lesian alitazama televisheni, ambapo majina yalikuwa yanapanda. Akazitazama nyasi. Akanitazama mimi, wala si kwa hasira, ningeshukuru ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyegonga mlango usio wenyewe na anataka kuomba radhi. Akazirudisha kifuani, akafunga vifungo kimoja kimoja, akamshukuru Anjela kwa chai ambayo hakuinywa. "Mvua inapungua, niwahi ng'ombe." Akavaa gumbuti zake, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza ila Princess, mpaka getini.

Princess ndiye aliyerudi akaniuliza, mbele ya wote: "Baba, baba mkubwa alitaka kusema nini kuhusu bibi?"

Derick akazima televisheni.

"Bibi gani?" akauliza Anjela.

"Alisema siku ile ya yeyo. Yeyo si bibi?"

Anjela akaweka sinia mezani. Amekaa na mimi miaka mingi, nyasi anazijua kwa kusimuliwa na mimi mwenyewe. Nikaona zinamwingia akilini, moja moja. "Eliamini," akasema polepole. "Yale majani aliyoshika. Yalikuwa yale?"

Nikainama kutazama zulia.

"Yesu wangu. Na mimi nimecheka." Akajifunika uso na kanga. Kisha akaifunua, na sijawahi kumwona na macho yale. "Mimi sikujua. Derick hakujua. Kaka yangu hakujua. Wewe ulijua! Umekaa unamdai mwenzio nyasi mpaka mchungaji amechoka, kaja nazo, unamwambia zulia? Wewe mwanaume wewe, una moyo au una swichi?"

Hans akakaa vizuri. "Samahani, shemeji. Kwani zile nyasi ni nini hasa?"

Ikabidi nimweleze. Nilisimama nyumbani kwangu, mimi mwenye mdomo kuliko wote, nikamweleza Hans maana yake neno kwa neno, kwamba mtu akija nazo hakataliwi, kwamba kuzikataa ni kumwambia mtu si ndugu yako. Hans akasikiliza mpaka mwisho. Hakutoa mzaha hata mmoja. Akasema tu, "Ni jambo kubwa sana hilo, shemeji. Ungetuambia tungesimama wote." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu niliyemwogopa asinione mshamba, ndiye angeziheshimu kuliko mimi.

Kesho yake sikufungua duka. Nilipita Ngaramtoni na gari, nikasimama mbele kidogo ambapo majani ya barabarani ni marefu, nikashuka na viatu vyangu vya kanisani nikaanza kung'oa. Wakapita wanawake wawili na mizigo ya kuni, wakanisalimia, mmoja akaniuliza, "Baba, ng'ombe wako wamebaki wapi?" Wakaenda wakicheka. Vizuri, nikajisemea. Chekeni. Ni haki yangu.

Lesian nilimkuta shambani anapalilia maharage, shemeji Sinyati, mkewe, akiwa mwanzo wa mstari mwingine. Wanawe walikuwepo, na vijana wa jirani waliokuja kuwasaidia. Nilifurahi kwamba kuna watu. Nilitaka anitolee kila kitu mbele yao. Nikavuka tope, nikafika mbele yake, nikanyanyua nyasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo kaka."

Akaegesha jembe. Akafuta viganja kwenye suruali. Nilikuwa na hotuba nzima, niliitunga njia nzima, kuhusu jana na kuhusu upumbavu wangu, na niliyoweza kuyatoa ni haya: "Naomba unisamehe, kaka. Naomba yaishe."

"Marahaba," akasema. Akazipokea. Palepale, hakunisubirisha hata pumzi moja. Akanitemea mate mepesi ya baraka utosini, akanishika bega akanitikisa kidogo. "Yameisha. Sinyati, mpe shemeji yako chai." Vijana wakarudi kwenye kupalilia. Nikabaki nimesimama nalia kama mtoto, nikitamani anichape, anitukane, aniambie zulia. Hakuna. Amenifanyia mbele ya watu kile nilichoshindwa kumfanyia yeye mbele ya mtu mmoja.

Tulikunywa chai. Kisha nikamwomba anipeleke kwa mama. Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya mgrivilea, limejengewa kwa sementi na msalaba mweupe, na kuzunguka amepanda maua ya njano ambayo mama aliyapenda. Kazi safi, ya mtu aliyehangaika. Sikuwahi kuiona. Tukasimama pale wawili, nikashika msalaba, nikaomba kimoyomoyo. Roho ilikuwa imetulia, nikaona huu ndio wakati.

"Kaka," nikasema. "Nieleze sasa. Kwa nini hukunisubiri?"

Lesian aliinama akang'oa gugu moja pembeni ya sementi, akalitupa mbali.

"Jana nilikuja nalo," akasema. "Lote. Sikulala usiku wa juzi, nilikuwa napanga nianzie wapi."

"Najua. Nimekosa. Niambie leo."

"Leo ni wewe umeshika nyasi, Eliamini. Umesema yaishe. Nami nimepokea." Alisema kwa upole, kama anamkumbusha mtoto kitu anachokijua. "Wewe unajua. Zikishapokelewa, neno halifukuliwi tena. Mimi sikuulizi ya jana, wewe huniulizi ya mama. Ndivyo baba alivyotulea."

"Lakini kaka, sikuja kuomba hilo liishe. La jana ndilo nililoomba liishe!"

"Hukusema lipi."

Nikageuka kumtazama Sinyati, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika. Alikuwepo siku ile. Yeye anajua. Nikamwita, "Shemeji." Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, macho yakamjaa machozi, akasema, "Chai nyingine iko moto, shemeji," akaingia ndani.

Kaka yangu akanishika mkono, tukaanza kurudi nyumbani. Akaniuliza kama Princess anaendelea vizuri na shule, nikamwambia anaendelea vizuri. Siku hizi tunaongea kila Jumapili, anakuja, nakwenda, watoto wanalala kwake likizo nzima. Hajanikosea hata mara moja. Kwa nini mama alizikwa bila mimi, sijui, na hakuna tena wa kumuuliza.